Wa Kwanza Kusimama

Miaka ya hamsini, kanisani kwetu Nairobi kulikuwa na desturi moja. Kila Jumapili, kabla ya baraka, mchungaji alisoma majina ya wagonjwa, na aliyekusudia kumtembelea mmoja wao wiki hiyo alisimama. Waumini wakaitikia "Amina", naye akaketi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama, tena nilisimama vizuri, koti limefungwa vifungo vyote, maana nilikuwa karani mjini na nilijua macho ya watu yako wapi.

Mgonjwa niliyesimama kwa ajili yake alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Waithaka, nje ya mji, aliyekuwa akiuza mboga Parklands mpaka miguu ikamkatalia. Sikuwa mwongo. Nikisimama, machozi yalinilengalenga kweli, nami niliapa moyoni kwamba Jumamosi hii haipiti. Mwanzoni nilisingizia vibali vya kusafiri vya Hali ya Hatari. Vibali vilipolegezwa nikasingizia mvua, na kusema kweli viatu vyangu nilivipenda. Mwaka ukaisha hivyo.

Aliyeniharibia raha ni dobi mmoja kutoka Ukambani, aliyefua nguo za matajiri wa Parklands. Huyu hakusimama hata siku moja. Alikaa benchi la nyuma akisinzia wakati wa mahubiri, jambo lililonifurahisha sana. Lakini akina mama waliotoka Waithaka hawakuwa na habari nyingine: dobi alikuja na baiskeli, dobi alipasua kuni, dobi alimwosha mama miguu.

"Alisema nini?" niliuliza siku moja, nikitumaini alisema upuuzi.

"Hata hasemi kitu, ndugu. Anafanya kazi halafu anaenda."

Nilimwonea wivu, na sitaupamba wivu huo kwa jina jingine. Niliionea wivu baiskeli yake chakavu, na vidole vyake vilivyokunjamana kwa sabuni. Zaidi ya yote, roho iliniuma kusikia kwamba mama yule humngojea, kwa sababu Nairobi nzima hakuna mtu aliyekuwa akiningoja mimi. Nikapania kumshinda. Si kwa kwenda Waithaka, la! Nilipania kuchaguliwa mzee wa kanisa. Nilifika hata kumnong'oneza mchungaji kwamba dobi hana moyo wa huduma, kwani hajasimama hata mara moja. Mchungaji alinitazama kidogo, akaniuliza habari za nyumbani.

Siku ya uchaguzi dobi hakutokea. Jina lake lilipotajwa watu waligeuka kutazama benchi la nyuma, wakakuta halina mtu. Langu lilipotajwa nilikuwapo, nimenyoosha shingo. Mikono ikainuliwa, nikapata cheo. Lakini furaha yenyewe haikufika hata langoni. Nilitaka yule mama asikie habari kutoka kinywani mwangu, ili naye aanze kuningoja. Nikapanda basi la Dagoretti, lipitalo Waithaka, na suti yangu vile vile, nikashuka, nikaulizia nyumba yake mpaka nikafika.

Dobi alikuwepo tangu asubuhi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa mama ameuweka pajani, anamkata kucha kwa wembe polepole.

"Bwana asifiwe," nilisema. "Mama, leo nimechaguliwa mzee wa kanisa."

"Asifiwe sana! Hongera, mwanangu." Uso wake ulifurahi kweli, hakukuwa na hila. "Basi umekuja wakati mzuri. Maji imeisha. Chukua hiyo debe hapo mlangoni."

Dobi aliinua kichwa, akanipa tabasamu, akarudi kwenye kucha za mama. Hata kunionea wivu kidogo hakunionea, na hilo lilinichoma kuliko yote.

Nililichukua debe, nikatoka nalo uani. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Vijia vilikuwa vitatu, na vyote viliteremka. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemwahidi Mungu habari za mama huyu, na sikujua maji yake yanatoka wapi. Kisha nikarudi mlangoni, mzee wa kanisa mzima, nikamwuliza dobi njia ya kwenda kuteka maji.