Mbegu za Mgunga Nilizozipika

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, hata mume wangu nilimsimulia nusu tu, lakini leo nalitoa lote, mnicheke mmalize.

Mwaka wa tisini na moja nilikuwa nesi kwenye zahanati moja ndogo pale Muhima, na kina mama waliokuja kupima watoto walikuwa wanapanga foleni juani, uani hakuna hata kichaka. Siku moja mkuu wetu, Sista Verediana, akauliza tufanyeje, na mimi (mdomo wangu huu!) nikasimama nikasema tupande migunga, ule mti Wanyarwanda wanauita umunyinya, wa kwetu wenyewe, unavumilia jua, na miche nitaiotesha mimi. Mtoto wa mjini Biryogo mimi, sijawahi kuotesha hata mchicha!

Mbegu aliniletea mlinzi wetu, Mzee Karoli, ambaye zamani alichunga ng'ombe huko Busanza. Akanieleza taratibu: "Madamu, hii mbegu iko na ngozi ngumu sana. Chemsha maji, epua, ndiyo uiloweke mpaka kesho." Nikasema nimeelewa. Lakini nyumbani nikawaza, kama maji ya moto yanalainisha, basi moto wenyewe utalainisha zaidi, nikabandika sufuria na mbegu zake ndani, nikafunika, nikaenda kwa jirani kusukwa nywele. Niliporudi zimevimba, laini, zinanukia kama maharage, nikafurahi kweli.

Udongo nikachota bondeni Nyabugogo, nikajaza mifuko arobaini, nikapanda, na baada ya wiki mbili vitu vikaota! Vijani vyembamba vimepangana kama manyoya, baadaye na vijimiiba. Nilivyotembea siku zile, mngedhani nimesomea misitu ng'ambo. Ni kweli nikimwagilia vilikuwa vinajikunja (nikajiambia vimeshiba maji), ni kweli vilitambaa badala ya kusimama (nikajiambia ni utoto). Mzee Karoli akaja kuchungulia, akakohoa: "Madamu, ila hii..." Nikamkata: "Mzee, usiguse, utaiua."

Mvua zilipoanza, Sista akaalika kwaya, wazazi, na konseye wa sekta, mkubwa wetu wa mtaa, aliyekuja na suti. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema hii ni miti ya babu zetu, imara, haitishwi na kitu! Konseye akapokea mche wa kwanza, akaupapasa majani kwa upole, na majani yote yakajifunga, kijiti kikalegea mkononi mwake.

"Madamu, hii iko inakufa?"

"Imeshtuka kidogo, mheshimiwa."

Akagusa wa pili, ukalala. Wa tatu, ukalala. Ndipo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kelele kutoka nyuma: "Yewe! Si kifauongo hicho? Kwetu Bujumbura kinaota kando ya barabara, watu wanakichezea!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Konseye akatoa kitambaa, akafuta machozi, akaniuliza: "Sasa, mtaalamu, tupande au tuzike?"

Nikakimbilia stoo ya dawa, nikajifungia, nikalia hadi nikapata kwikwi. Sista akaja akagonga mlango. "Toka. Kina mama hawangoji machozi yako, wanangoja kivuli. Nenda kwa Karoli."

Nikaenda langoni kichwa chini.

"Ulichemsha kwa muda gani?" akauliza.

"Mzee, nilisukwa kichwa kizima."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Kumbe magugu yale yalitoka na udongo wangu wa bondeni, mbegu zenyewe zilikufa jikoni siku ileile. Akaniletea nyingine, akanikalisha chini, akanionyesha kusugua kila mbegu kwenye jiwe mpaka ngozi ikwaruzike, kuziloweka kwenye maji yaliyokwisha kuepuliwa, na asubuhi kuchagua zilizovimba tu. Safari hii nilifunga mdomo nikafuata neno kwa neno. Katika mbegu thelathini zikaota ishirini na moja, mashina wima kama askari. Miche tuliipanda Jumatatu ya kawaida, mimi, Sista na Karoli, hakuna kipaza sauti, kina mama waliokuwa kwenye foleni wakatushikia ndoo za maji.

Kujiamini sijaacha, jamani, ndivyo nilivyoumbwa. Ila nimeapa: kitu nisichokijua nitauliza, na nikishauliza nitamwacha mwenye kujua amalize sentensi yake.