Uzi wa Mama wa Mbali

Kila lori la kutoka mpakani Kasindi likipiga honi, mshonaji wa pembeni mwa soko la Butembo husimamisha mguu kwenye kanyagio, husonya, ndipo aendelee. Ana kinyongo na malori hayo tangu yaanze kuleta robe, magauni yaliyoshonwa tayari ng'ambo, ya bei rahisi kuliko kitambaa kitupu. Siku hizi nguo mpya hushona za harusi tu. Kazi inayomlisha ni kuzirekebisha hizo hizo za lori, maana aliyezikata hakuwahi kumwona mwanamke wa hapa. Kazi haikosekani, ila roho inamuuma. Pini huzibana midomoni, uzi huulowesha kwa ulimi, na kila robe huitukana kwa Kinande kabla ya kuifumua.

Asubuhi moja mwalimu Jokébed alimletea robe ya buluu inayombana kifuani. Mshonaji akaigeuza ndani nje, kidole gumba kikakwama kwenye mshono wa kwapa. Mashine ya huko ng'ambo iliruka mshono, na mtu akaziba pengo kwa mkono, haraka haraka, kwa uzi wa rangi nyingine.

"Toa ile uzi, mama, iko mubaya," alisema Jokébed.

Mshonaji akatoa pini mdomoni.

"Hapana. Huyu mama wa kule alishonaka mbio, juu chef yake wa kazi asione." Akacheka kidogo. "Kumbe na yeye anatafutiaka batoto bunga."

Akaongeza kitambaa ubavuni, akaupita ule mshono bila kuugusa. Nje, lori likapiga honi. Mguu wake uliendelea kukanyaga.