Mbuzi Mwenye Jicho la Kifungo

Wiki jana nilimpeleka binti yangu shule ya chekechea hapa Burat, Isiolo, nia yangu ikiwa ni kumwacha mlangoni na kukimbilia dukani. Nikakuta mwalimu ameziba madirisha kwa mablanketi, na watoto wamekaa sakafuni gizani wakichekacheka. Ukutani kukatokea mwanga, kisha mti wa kitambaa, kisha mbuzi mwekundu wa sufi mwenye jicho moja la shanga na jingine la kifungo cha koti. Rafiki yangu, nilivuta kiti kimoja cha watoto, vile ambavyo ukikaa magoti yanakufika kidevuni, nikakaa. Duka lingesubiri. Mbuzi huyo nilikuwa nimemsubiri tangu nina meno ya utoto.

Ngoja nikueleze tulikotoka naye.

Chekechea yangu mimi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, upande ule ule wa mji. Jua likipanda, mabati yalilia ta, ta, ta, nasi tuliamini kuna mtu juu anatembea. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kimeru mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na uji wake ulinuka moshi hata ukiwa umepoa. Nyumbani nililelewa na nyanya, ambaye sisi Waborana tunamwita akko. Mama aliondoka alfajiri kwenda kupokea maziwa yaliyoletwa mjini kutoka malishoni, akayauze sokoni, kwa hiyo aliyeniosha uso, kunipa mkate wa moto wa anjera na kunigombeza alikuwa Akko. Nyumba nzima ilinukia ule moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Mpaka leo nikiusikia popote, nageuka kuangalia kama anakuja.

Kitu kimoja huwezi kukiona tena hata nikikushika mkono nikuzungushe, nacho ni maua yetu. Ndivyo sisi watoto tulivyoyaita majuala, ile mifuko myembamba ya nailoni ya kubebea sukari na nyanya. Upepo wa Isiolo hauna adabu, uliichota mifuko sokoni na kuitundika kwenye kila mti wa miiba na kila ua wa boma, ya bluu, myeupe, na ile yenye mistari. Tuliipenda! Tuliisokota ikawa mpira, tukaifunga kwa kamba ya katani, tukacheza mpaka tuitwe kwa fimbo. Hakuna aliyetuambia kwamba ni uchafu. Mbuzi nao waliipenda kwa njia yao.

Basi siku moja wakaja wanaume wawili na pikapu, wakashusha televisheni, mashine ya kanda na jenereta. Mwalimu akaziba madirisha kwa mablanketi ya kwake nyumbani. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona sinema ya aina yoyote, na hii ilikuwa ya vikaragosi vya kitambaa waliokuwa wakiongea Kiswahili kizuri kuliko sisi sote, mwalimu akiwemo. Kulikuwa na kobe mwenye maringo, ndege mwenye mdomo mrefu mwekundu, na mbuzi yule mlafi. Kobe alimwonya mbuzi asile kila kinachopeperuka. Mbuzi akala. Tumbo likamvimba, akaanguka chini ya mti. Ndege akaja mbio, akasema, "Fungua mdomo nione!" Mbuzi akafungua, ndege akaingiza kichwa chote ndani.

Hapo ndipo jenereta ilipokohoa ikazimika.

Walihangaika nayo, wakaipiga teke, wakaivuta kamba mpaka jasho likawatoka. Mwishowe wakafunga vitu vyao, kwa sababu walikuwa wanatarajiwa Merti na njia ni ndefu. Walisema watarudi. Hawakurudi.

Nilimsumbua kila mtu. Nilimuuliza mwalimu, "Mbuzi alipona?" Akasema, "Alipona, kunywa uji." Nikamuuliza nani alimwambia. "Kunywa uji!" Nikajua hajui. Akko naye aliposikia habari zangu alicheka sana. "Mbuzi inaongea Kiswahili? Hiyo si mbuzi. Hiyo ni mwanasiasa."

Mimi sikucheka, kwa sababu mbuzi niliyekuwa nikimwaza hasa alikuwa wangu. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa mnyama wake, na huyo tunamwita wa kitovu, handura. Wangu alikuwa Diimtu, yaani Mwekundu. Akko alikuwa akinikumbusha kila mara kwamba mimi si maskini, nina Diimtu na watakaotoka tumboni mwake. Na mwaka ule Diimtu alikuwa na mimba.

Siku chache baada ya sinema nilitoka shule nikamkuta Diimtu amelala kando ya ua, ubavu wa kushoto umevimba, ukiugonga unalia. Mate yalimtiririka. Watu wazima wote walikuwa na jibu lile lile: amekula mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye lori. Akko alimnywesha mafuta ya kupikia, akamkanda, akamsimamisha, Diimtu akaanguka tena. Ndipo Akko akaniambia niende ndani, na mimi nikajua maana yake. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Afadhali achinjwe angali anapumua. Jirani yetu mchinjaji alikuwa ameshafika na kisu chake, akikinoa kwenye jiwe bila haraka, na sauti ile ya kisu bado ninaisikia.

Sikuingia ndani. Nilijilaza juu ya shingo ya mbuzi wangu, nikapiga kelele, "Akko, fungua mdomo uone! Ndege alifungua mdomo!"

"Ndege gani?" akauliza jirani.

"Ya televisheni," Akko akamjibu kwa uchovu.

"Mama, tukingoja hii mbuzi itakufa bure. Toa mtoto."

Akko hakunitoa. Sijui kama aliniamini au alitaka tu ninyamaze. Aliketi chini, akapanua taya za Diimtu kwa mkono mmoja, akaingiza vidole vya mkono mwingine mpaka kifundo kikapotea. Uso wake ukabadilika. Akaanza kuvuta polepole, na kikatoka kitu cha bluu, kirefu, chenye utelezi, kilichofungwa fundo katikati. Ua letu. Kisha Diimtu akacheua mcheuo ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe mwingine, na harufu yake ikatuondoa sote pale.

Ubavu ulishuka tukiuangalia. Nililia kuliko nilivyolia mwanzo, lakini kilio kingine kabisa, kile kinachokuacha mwepesi. Jirani alifuta kisu akakirudisha alani. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mimi leo nakunywa chai tu." Akko alikaanga buna kwenye samli, ile kahawa ya baraka, akanipa punje ya kwanza kama mtu mzima. "Na hiyo ndege yako iko wapi?" akaniuliza. "Iletwe, ikunywe kahawa." Toka siku hiyo, kila jioni kabla ya mbuzi kurudi, alitusimamisha uani tuchume maua yote, na aliyeacha moja hakulala na amani.

Diimtu alizaa salama, mapacha. Lakini yule wa kwenye kanda, fikiria, nilimwacha amelala chini ya mti, mdomo wazi, ndege kichwa ndani, kwenye boksi la pikapu lililokwenda Merti. Nilikua, nikaolewa, nikamzika Akko, na bado mara mojamoja usingizini nilikuwa nikijiuliza. Ucheke ukitaka.

Kwa hiyo wiki jana nilikaa kwenye kile kiti kidogo, mikono imebana magoti. Mwalimu huyu wa sasa ameipata filamu kwenye simu, akaiunganisha na kimashine cha kumulika ukutani, picha ina mikwaruzo, sauti inayumba. Kobe akaonya. Mbuzi akala. Ndege akaingiza kichwa. Nikaangalia kama umeme upo. Ndege akavuta, juala likatoka, mbuzi akapiga chafya, wote wakaokota mifuko wakaimba wimbo, basi. Mwisho wenyewe ni huo, hauna hata maajabu. Nilijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, mwalimu akiniangalia kwa huruma bila kujua sababu.

Binti yangu akageuka. "Mama, ile kitu ya bluu kwa mdomo ya mbuzi ni nini?"

"Ni juala."

"Juala ni nini?"

Huyu ana mbuzi wake wa kitovu, mjukuu wa wajukuu wa Diimtu, anamchunga na kumbembeleza, na hajui. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku, chupa bado zipo mitaroni na karatasi za mkate zipo, sikudanganyi, lakini maua yetu yamekwisha. Nilimwambia asubiri, nimtafutie moja nje amwone adui wa mbuzi wake kwa macho.

Nilizunguka ua wote wa shule. Nikatazama mti wa miiba ulio langoni, tawi kwa tawi, nikainama hata chini ya uzio kama mtu aliyepoteza hereni. Miiba ilikuwa mitupu, myeupe, inang'aa juani. Nilitamani Akko awe kando yangu anisaidie kutafuta, naye akose. Nikarudi darasani mikono mitupu, nikamwambia mwanangu, "Nimekosa." Na sijawahi kulisema neno hilo kwa furaha kama siku ile.