Walitoa Mahali Tu

Mafuriko yalipopita, watu wa bondeni walihamishiwa shuleni, na maswali yakaanza. Walikuja watu wa maji wakauliza: jina nani, mko wangapi, umepoteza nini, umempoteza nani. Wakaja watu wa chakula wakauliza hayo hayo. Wakaja wa magodoro, wa dawa, wa sabuni, kila kundi na fulana za rangi yake na maswali yale yale, utadhani walikuwa wanashindana nani anajua kuuliza zaidi. Aliyefiwa alieleza kifo cha mtu wake mpaka machozi yakamkauka, kisha akaambiwa asiende mbali, kuna wenzetu nao watakuja kukuhoji.

Fundi naye alieleza. Alikuwa mwanamke mshonaji wa sare za shule na mashati ya wanaume, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata binti yake alipotaka kumchokoza. Siku ile ya maji alitoka na vitu viwili tu: mtoto mgongoni na kichwa cha cherehani kwapani. Meza na pedali vilikwenda na maji pamoja na kitanda, sufuria na vitambaa vya wateja. Kichwa alikifuta, akakitia mafuta, akakiweka juu ya dawati katika darasa walilolazwa, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono na kuwashonea watu viraka.

"Maji yamekuachia kichwa tu, kama samaki wa jana," Mama Mkaa alimtania. Huyu alikuwa muuza mkaa, jirani yake wa mkeka, mwanamke wa mwili na wa sauti.

"Kichwa ndicho kinachoshona," Fundi alimjibu. "Wewe mkaa wako umelowa wote, unanicheka nini?"

Kasuku, binti wa Fundi, aliangua kicheko mpaka akakohoa. Jina hilo alilipata kwa sababu ya maneno. Aliongea akila, aliongea akioga, na usiku aliendelea kuongea usingizini, na nusu ya darasa ilikuwa imeshazoea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Fundi hakumweleza mtu wa fulana yoyote. Alikuwa na mume, na mume huyo hakutakiwa kujua alipo. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa watu, mwenye maneno matamu nje na ngumi ndani. Alimvunja Fundi mkono wa kulia, ule wa mkasi, kwa sababu ya shati lililoungua kwa pasi, na mkono ule mpaka leo haupandi juu ya bega. Fundi alivumilia. Alivumilia kijinga, kama alivyosema mwenyewe. Lakini siku ngumi ilipomgeukia mtoto, hakungoja kesho. Alihamia bondeni kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na hakuna aliyemjua, na tangu hapo kila lori liliposimama karibu na nyumba, moyo wake ulisimama nalo.

Siku moja kipaza sauti kilitangaza uwanjani kwamba mashirika yote yamekubaliana. Kuanzia sasa watapeana habari. Mtu ataeleza shida yake mara moja tu, na kila shirika litaipata. Watu walipiga makofi, na Fundi akapiga yake kwa nguvu, kwa sababu shirika la nyumba lilikuwa limeanza kujenga kilimani, nyuma ya shule, na ilisemekana mwenye mtoto na asiye na kazi atafikiriwa mwanzo. Nyumba yenye mlango wa kufunga kwa ndani. Tangu akimbie hakuwa ameota kitu kingine.

Kila mtu aliitwa kutoa ridhaa ya habari zake kugawanywa. Karani wa shirika la chakula, dada mdogo mwenye sauti laini, alimchukua Fundi mpaka chumba cha chaki, akafunga mlango.

"Dada, kuna jambo lolote ambalo usingependa watu walijue?"

Fundi alisitasita. Kisha akamwaga moyo wote: lori, pasi, mkono, mtoto. Karani alilia, alilia kweli, kamasi na yote, mpaka Fundi ndiye akawa anambembeleza.

"Hii ni siri," karani alisema akijifuta. "Haitoki hapa. Nakuapia."

Na haikutoka. Kiapo chake alikitimiza barabara, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alipoitwa kwenye hema la shirika la nyumba, Fundi alivaa gauni lake pekee lisilo na tope, akamsuka mtoto nywele. Foleni ilikuwa ndefu na Mama Mkaa alikuwa ndani yake, akimsimulia kila aliyekuwa na masikio habari za mgongo wake. Mezani alikaa meneja, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba na uso wa mtu aliyezoea kushukuriwa.

"Karibu mama, kaa kabisa," alisema. "Leo nina habari njema."

Fundi alikaa. Alijua ni nyumba.

"Tumempata mumeo."

Fundi alimvuta Kasuku karibu yake. Meneja hakuona. Alikuwa anatabasamu kuelekea kompyuta yake.

"Alikuja kwetu akakuandikisha wewe na mtoto kwamba mmepotea kwenye mafuriko. Masikini, alikuwa na huzuni sana. Sasa majina yalipounganishwa jana, yakalingana. Nikampigia mwenyewe. Mwanamume mzima alishindwa kusema kwenye simu."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mko hai, mama. Kwamba mko hapa shuleni, darasa la mwisho karibu na bomba. Yuko njiani sasa hivi. Na nyumba mtapata, kubwa kidogo, kwa jina lake, maana mmeshakuwa familia kamili."

Mume aliyewakimbiza hawa wawili kwa mateke alikuwa amewaandikisha kuwa maji ndiyo yaliyomnyang'anya. Na maji hayo yalipokuja, wao walikuwa wamekwisha kuondoka kwake zamani.

"Niitie karani wa chakula," alisema.

Karani alikuja mbio kutoka hema la pili. Aliusoma uso wa Fundi, akautazama wa meneja, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Niliandika," alisema. "Niliandika yote, kwamba asijulishwe. Lakini sehemu ile ni siri, dada, mashirika mengine hayaioni. Ndivyo tulivyokubaliana, kukulinda wewe. Tulichowapa ni jina, watu wa familia, na mahali unapolala. Mahali tu."

"Kwamba ananipiga ni siri."

"Ndiyo, dada."

"Na ninapolala si siri."

Karani alijifunika uso kwa mikono.

Damu ilimchemka Fundi. Watu wabaya alijua namna ya kuishi nao, aliishi na mmoja chini ya paa moja. Lakini hawa walikuwa wema. Walikaa kwenye vikao, wakanywa chai, wakajadili kwa uchungu namna ya kumlinda, kisha wakaficha sababu ya kumlinda na kumpa yule mtu njia ya kufika. Na hakuna hata mmoja kati yao, katika watu wote hao waliosoma na kusomeshwa, aliyejiuliza kwa nini mwanamke amfiche mume mahali anapolala. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu, na hilo lilikuwa jambo jipya kwake.

Meneja alivua miwani. "Mama, mimi sikujua. Lakini tutulie kwanza. Pengine amebadilika. Msiba hubadilisha watu."

"Mkono huu haupandi zaidi ya hapa," Fundi alisema, akauinua mpaka ulipogota. "Akija, mwambie akubadilishie na wako."

Mama Mkaa alikuwa ameshaiacha foleni na kusimama mlangoni mwa hema. "Fundi, kusanya vyako, twende. Nitakubebea cherehani."

"Siendi."

"Mwenzangu, una wazimu?"

"Nimeshakimbia mara moja na mtoto mgongoni. Maji nayo yakanikimbiza. Leo sikimbii." Alimgeukia meneja. "Mmemwita nyinyi. Mpokeeni nyinyi. Mimi nakaa hapa hapa nione mnavyopokea."

Akakaa. Kasuku alikaa karibu yake na, kwa kuwa watu wazima walikuwa wamenyamaza na yeye hakuweza kuvumilia ukimya, alianza kumweleza karani habari za paka aliyezaa chini ya jukwaa la shule, rangi za watoto wake wote na yupi anafanana na mwalimu.

Dereva alifika akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisalimia foleni nzima, akawapa wazee mikono, akauliza hali ya wagonjwa. Alikuwa na mfuko wa matunda na viatu vipya vya mtoto. Fundi aliona mabega ya meneja yakishuka, yakitulia. Aliona kabisa mawazo yakimpita usoni: mtu mstaarabu kama huyu, kumbe. Hilo lilimuuma kuliko ngumi.

"Mzee, sina la kukupa," Dereva alimwambia meneja, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Umenirudishia familia yangu."

Kasuku alikuwa bado kwenye paka wa nne. Aliisikia sauti ile na neno likakatikia mdomoni. Hakulia wala hakumkimbilia mama yake. Alishuka kwenye kiti taratibu kama mtu anayeteleza, akaingia chini ya meza, akaukumbatia mguu wa meneja. Aliukumbatia kwa mikono na miguu, uso umebanwa kwenye goti la mtu asiyemjua. Kisha maji yakaonekana sakafuni, yakitambaa polepole kutoka chini ya meza mpaka kwenye kiatu cha meneja na kuingia ndani yake.

Meneja alitazama chini.

"Ana aibu," Dereva alisema kwa upole. "Toka huko, mwanangu. Njoo kwa baba."

Meza ilitikisika. Ni mtoto aliyekuwa anatetemeka.

"Bwana," meneja alisema, na sauti yake haikuwa ile ya habari njema. "Toka nje."

"Mzee, hii ni familia yangu. Umenipigia mwenyewe."

"Nimekosea kukupigia. Toka nje."

Walinzi wa lango walikuwa wamekwisha kuitwa na karani. Foleni nayo ilikuwa imejisogeza mpaka mlangoni, Mama Mkaa mbele, mikono kiunoni. Dereva aliwatazama wote na hakukasirika. Alipoamua kukasirika hakuwahi kufanya hivyo mbele za watu. Aliviweka viatu vya mtoto mezani, kimoja kando ya kingine, akavinyoosha.

"Haidhuru," alisema, akimtazama Fundi kwa mara ya kwanza. "Nimeshapajua."

Akaondoka akiaga watu njiani. Lori lilisikika likiwaka, likaenda.

Meneja hakuweza kusimama kwa sababu ya mtoto. Alivuta kompyuta akaanza kubonyeza, vidole vikimkosea. "Naifuta," alisema. "Sasa hivi, mbele yako, mama. Mahali, simu, jina la mtoto, vyote nafuta. Ona mwenyewe."

"Humo utafuta," Fundi alisema. "Kichwani mwake utafuta na nini?"

Karani alikuwa ameinamisha uso.

Fundi alipiga magoti, akavibandua vidole vya Kasuku kwenye suruali ya meneja, akamtoa na kumpakata ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kupakatwa. Viatu vipya aliviacha mezani. Alipofika mlangoni meneja alimwita, na alimwita kwa huruma ya kweli.

"Mama, nyumba yako ipo. Nitailinda kwa jina lako, si lake. Niambie tu unakwenda wapi."

Fundi alimtazama, na aliendelea kumtazama mpaka meneja mwenyewe akalisikia swali aliloliuliza. Kisha akatoka. Kilimani mafundi walikuwa wanapigilia mabati, na yeye akashika njia ya upande mwingine.