Lori Lililosikika Kona Tatu Kabla

Malori ya siku hizi siyapendi, na nimebeba mboga kutoka Lukozi miaka mingi ya kutosha kuwa na haki ya kusema. Bampa ni plastiki. Ukigusa ukingo wa barabara kidogo tu, limepasuka. Taa ikiungua, fundi anafungua nusu ya uso wa gari ndipo aifikie. Lori langu la zamani lilikuwa na bampa la chuma, pua ndefu, na usukani mzito ulioniotesha misuli mabegani.

Tena lilinguruma. Likipanda mlima kwa gia ya pili, mke wangu alilisikia nikiwa bado kona tatu chini ya nyumba, na hapo ndipo alipoinjika maji yangu ya kuoga. Nikizima injini uani, ndoo ilikuwa tayari bafuni, inafuka mvuke. Hatukuwahi kupigiana simu kwa jambo hilo.

Hili jipya halina sauti. Nafika nalo hadi mlangoni na kuku hawashtuki. Majirani wanadhani lile la zamani nililiuza kwa sababu lilikunywa dizeli mno, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba baada ya kumzika mke wangu nililiendesha miezi minne zaidi, na kila jioni, likifika ile kona ya tatu, lilinguruma vilevile, likiagiza maji.