Kiungo Nilichokikata Ikonge

Mwanangu, ipo siku moja kule Ikonge ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa fundi wa umeme, kijana wa Manga, hapo jirani, mwenye mdomo, na kazi nikiijua barabara. Kebo ya kiwanda cha chai ilikuwa imeungua. Bila umeme zile feni kubwa hazizunguki, na bila feni majani mabichi yanapata joto, yanageuka mekundu, yanatupwa. Majani ya kijiji kizima yalikuwa mle ndani, ya mama yangu yakiwemo.

Nikaunganisha kebo mpya shimoni, ile ya plastiki nene inayobeba volti elfu kumi na moja. Kabla sijakifunga kiungo, manyunyu yakaanza. Si unaijua mvua yetu ya saa nane. Nikakimbilia turubai kwenye gari. Kurudi, nakuta wakulima wamenisaidia: wamekata majani ya migomba wakafunika kiungo changu vizuri kabisa, kama wanavyofunika chakula. Majani mabichi, mwanangu! Utomvu ulikuwa unadondokea plastiki.

Walifanya kwa wema tupu, na niliwashukuru. Nikapangusa, kikaonekana safi. Lakini plastiki ya umeme mkubwa si sufuria, eti ukipangusa imetakata. Tone dogo likibaki ndani, au hata kipovu cha hewa, umeme unaanza kutafuna pale pale. Unachimba kijia chembamba kuliko unywele, kinatoa matawi, matawi nayo yanatoa mengine, na nje huoni kitu. Kikifika upande wa pili, kiungo kinalipuka na kumuunguza aliye karibu. Na ikishatafunwa, plastiki haiponi kama ngozi inavyopona.

Ombati, mtoto wa jirani yetu, alikuwa kwenye swichi, hatua mbili tu kutoka shimoni, anangoja niinue mkono.

"Mwambie awashe, kijana," akasema Mzee Nyakundi, mwenyekiti wa wakulima. "Majani yanaharibika. Hata ya mama yako yamo!"

"Yaya," nikamjibu kwa Kigusii, yaani hapana, asije akasema hakunielewa. Nikachukua msumeno, nikakikata kiungo changu mwenyewe mbele yao wote. Loo, nilitukanwa! Nikaanza upya chini ya turubai. Umeme ulipowaka jioni, majani yalikuwa yameshaharibika. Yalimwagwa yote.

Sikuogopa kitu ila kumtazama mama. Nilimkuta jikoni, habari zimeshamfikia. Hakuniuliza juu ya majani. Aliuliza, "Nani alikuwa awashe?"

"Ombati, mama."

Akachochea moto. Kisha akasema, "Mama yake ametoka hapa sasa hivi. Amekulaani kwa ajili ya majani yake. Ngoja nimfuate, nimwambie aliyeshika swichi alikuwa nani." Akajitupia leso begani, akatoka.

Basi sikia, mwanangu. Kazi yako ikiingia doa ambalo ni wewe tu unayelijua, ikate uianze upya, hata kama waliolitia wanakupenda, hata kama wanaosubiri ni watu wa nyumbani kwenu. Hasira yao itapoa. Lakini aliyeshika swichi ana mama yake.

Mungu aipe mikono yako ustadi, aupe ulimi wako nguvu ya kusema hapana, na kila unayemfanyia kazi arudi kwao salama.