Desoto ya Baba Ilivyokwenda Norwe

Enzi zetu Edmonton, kaskazini mwa London, kabla simu hazijaingia mifukoni, mtoto alijulikana kwa kitu kilichokaa mbele ya nyumba yao. Wengine walikuwa na mawaridi, wengine walikuwa na kochi bovu lililosubiri gari ya kaunsili ije kulizoa. Sisi tulikuwa na Desoto. Nyinyi mliokulia mitaa ile, mkapita pale kwenye njia ya madrasa kila Jumamosi, lazima mnaikumbuka: gari ya Kimarekani, rangi ya samli, ndefu hata pua yake ikikaa mlangoni kwetu, mkia uko kwa jirani. Usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, na nikeli zake ziling'aa kwa sababu mimi na mdogo wangu Khamis tulikuwa tukizisugua kwa kitambaa na mafuta ya nazi, mpaka paka wa mtaa mzima wakahamia juu ya boneti.

Kampuni iliyoiunda ilikwisha kufa kabla sijazaliwa. Jambo hilo lilinishughulisha sana utotoni. Nilikuwa mtoto wa maswali, na swali langu kubwa lilikuwa hili: kwa nini mtu ang'ang'anie gari ambayo hata aliyeitengeneza hayupo tena? Nikimuuliza mama, ananiambia nikamuulize baba. Nikimuuliza baba, ananipa kitambaa nisugue taa.

Habari yenyewe niliipata vipande vipande. Unguja, baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa karafuu, na gari aliyokuwa akiiendesha ilikuwa Desoto kama ile. Mambo yalipogeuka, akaondoka kama walivyoondoka wengi, akafanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli za Wanorwe, mwisho akatua London akapata kibarua kwenye ghala. Siku moja alitumwa Hayes, akapita kwenye uwanja wa magari makuukuu, akaiona imeegeshwa nyuma kabisa. Mama alikuwa akisema siku ile baba alirudi nyumbani, chakula hakukigusa. Wiki ya pili akaja nayo. Mwanzoni ilitupeleka kwenye harusi na Idi, kisha kifaa kimoja ndani ya injini kikafa, kikatafutwa London nzima kisipatikane, nayo ikasimama.

Kusimama kwake ndiko kulikotupa raha. Jumapili baada ya chai ya asubuhi, baba alikuwa akivaa shati lake jeupe la mikono mirefu, anatufungulia mlango wa nyuma, anakaa kwenye usukani na kuuliza, "Leo wapi?" Tukisema Makunduchi, basi ni Makunduchi. Anatutoa Darajani, anatupitisha Mnazi Mmoja, tunafika Tunguu, huku mvua ya Edmonton inapiga kioo na gari haijasogea hata inchi. Kitogani anatuambia tufunge madirisha kwa vumbi. Muyuni anasimama kwa sababu ng'ombe wanavuka, na sisi tunasubiri ng'ombe wapite, huku tunakula mkate wa kumimina aliotufungia mama kwenye kitambaa. Ole wake mtoto atakayeuliza kama tumefika.

Nilizijua njia za Unguja kabla sijajua njia ya kwenda stesheni. Jumatatu moja mwalimu alituuliza tulikwenda wapi mwisho wa wiki. Nikamwambia Makunduchi, na kwamba tulirudi kabla ya chakula cha mchana. Aliitafuta kwenye ramani ya Uingereza mpaka kengele ikalia. Watoto wa siku hizi wana kioo kwenye gari kinachowaambia wageuke kulia, na bado wanapotea Lewisham.

Kila majira ya kuchipua alikuwa akija mgeni wetu, Mnorwe aliyekuwa fundi wa meli pamoja na baba. Jina lake Sverre, kwa ulimi wa nyumbani kwetu Ami Sivere. Alikuwa mrefu, mwenye nyusi nyeupe, na mikono ya mtu aliyeshinda kwenye grisi. Huyu ndiye aliyenipa jibu la kwanza la swali langu. Alisema kwao, kwenye mabonde ya mashamba, gari kama yetu ziko mabandani mwa ng'ombe, zimefunikwa mablanketi. Zamani, baada ya vita, mtu wa kawaida alikuwa hanunui gari bila kibali. Ndipo jamaa zao waliohamia Amerika wakawa wanarudi likizo na magari makubwa yanayong'aa, na watoto wa mashamba wakisimama kando ya barabara kuyatazama. Wale watoto wamekuwa watu wazima sasa. Kampuni zimekufa, wao wanayatunza, wanachonga vipuri vyao wenyewe, wanapeana skrubu moja moja kama watu wanaopeana tende. Jioni za kiangazi wanayatoa yote, wanapita mjini taratibu, kiwiko nje ya dirisha, muziki wa wachunga ng'ombe wa Kimarekani unaimbwa kwa Kinorwe. Wanatoka kituo cha petroli mpaka kanisani, wanageuza, wanarudi. Hapo wananunua soseji iliyofungwa ndani ya kitu kama chapati ya viazi, halafu wanazunguka tena.

Mama aliuliza kama ile soseji ni ya nguruwe. Baba aliuliza wanakwenda wapi.

"Hatwendi popote," alisema Ami Sivere.

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Sikumwona akimpenda mtu yeyote London kuliko alivyompenda Ami Sivere siku ile.

Lakini kulikuwa na jambo moja baina yao ambalo halikuwahi kunyooka. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikukirimu, mara ya kwanza unakataa. Unasema, aa, usijipe taabu. Anakukirimu tena, unakataa kidogo zaidi. Mara ya tatu unapokea, na kila mtu ameridhika. Wanorwe hawana hayo. Baba alitusimulia kwamba kwenye meli, siku ya kwanza, Ami Sivere alimuuliza kama anataka kahawa, naye akajibu aa, usijisumbue. Basi. Alikaa siku tisa baharini hajaonja kahawa, huku akijiuliza amemkosea nini yule bwana. Na Ami Sivere naye, mama akimwambia karibu chakula, alikuwa akisema "Ndiyo, asante" papo hapo na kuvuta kiti, mpaka sisi watoto tunaona haya kwa niaba yake.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, karatasi ya kaunsili, rangi ya machungwa, ilibandikwa kwenye kioo cha Desoto. Gari isiyotembea haikuruhusiwa kukaa barabarani. Tulipewa siku saba, kisha ingevutwa na kupelekwa kukandamizwa iwe chuma chakavu. Baba aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Hatukuwa na ua wala gereji wala jamaa mwenye nafasi. Jumapili ile hakuuliza leo wapi. Alikaa kwenye usukani peke yake, milango imefungwa, na mama akatukataza tusimsogelee. Niliogopa. Sikuwa nimemwona baba akishindwa na jambo, na jambo hilo nililiona sasa kwenye mabega yake.

Siku ya nne, Ami Sivere akaingia na mkoba wake. Aliiona karatasi nyingine, maana walibandika ya pili. Alikunywa chai, akala mandazi matatu, kisha akasema bandani kwake kuna nafasi, ana rafiki mwenye lori atakayepanda meli ya kurudi Norwe kutoka kaskazini mwa Uingereza mwisho wa wiki. Anaweza kuichukua, akaitengeneza na kuitunza, na jina la baba likabaki kwenye karatasi zake. Akamtazama baba.

"Nikutunzie?"

"Aa, bwana wee, usijipe taabu," alisema baba. "Kazi kubwa hiyo."

"Sawa," alisema Ami Sivere, akachukua andazi la nne.

Mama alinitazama. Mimi nilimtazama Khamis. Watu wote mle chumbani walikuwa wamesikia baba akisema ndiyo, isipokuwa yule aliyeambiwa. Baba alimsindikiza mpaka nje, akamsimamisha getini, akazungumza habari za hali ya hewa ya London na hali ya hewa ya Norwe, akamwachia nafasi ya kuuliza tena, nafasi juu ya nafasi. Ami Sivere alimpa mkono, akaenda zake kituoni. Baba alirudi, akakaa.

"Hakutaka," alisema.

Ndipo nilipofahamu kwamba baba anaamini amekataliwa, na yule anayekwenda kupanda basi anaamini amekataliwa pia. Sikuomba ruhusa. Nilisema nakwenda kununua maziwa, nikakimbia.

Nilimkuta amesimama kwenye foleni. Nikamwambia kwa Kiingereza, pumzi imenikatika, kwamba baba anataka, lakini lazima aulizwe mara tatu. Aliinama akaniuliza kwa nini tatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo maishani mwangu. Nilimwambia ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu vilevile, ya tatu ndiyo yenyewe. Basi lilikuja, likapakia watu, likaondoka. Ami Sivere alikuwa bado anafikiri. Nadhani alikuwa anaifikiria ile kahawa.

Alirudi, akavua viatu, akasimama katikati ya sebule na kofia yake mkononi.

"Nakuuliza mara ya pili," alisema, akainua vidole viwili.

Mama alikimbilia jikoni, ncha ya kanga mdomoni.

"Aa, bwana, utajisumbua bure," alisema baba.

"Nakuuliza mara ya tatu." Vidole vitatu.

Baba aliviangalia vile vidole. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, na mimi nikaangalia zulia. Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja alikuwa ameitoa siri ya baba yake mpaka kituo cha basi.

"Ichukue," alisema.

Lori lilikuja siku ya sita. Tuliisukuma sisi, majirani na Mpunjabi wa duka la kona, na nafasi iliyobaki barabarani ilikuwa kubwa hata nikaona haya kuitazama.

Nilingojea kugombezwa. Sikugombezwa. Ila tangu siku ile baba aliacha kunikatalia kwa adabu. Mama akimuuliza kama anataka chai, atasema aa, nimeshiba, kisha atakunywa vikombe viwili. Khamis akimuuliza, hivyohivyo. Mimi nikimuuliza, anajibu mara moja, "Nataka," au "Sitaki," kama anayezungumza na Mnorwe. Iliniuma kwa miaka. Nilijiona nimetolewa nje ya kitu ambacho wenzangu wote wamo.

Desoto ilitengenezwa. Kila kiangazi picha ilikuja kwenye bahasha, na alipofariki Ami Sivere, binti yake Ingunn akaendelea kuitunza na kutuletea picha kwa simu. Baba alizeeka, mama akatangulia, baba akaanza kulazwa na kutolewa. Wauguzi wema walikuwa wakimuuliza kama anataka maji, naye anawaambia aa, msijisumbue, nao wana vitanda vingine, wanamwamini. Mimi nikitoka kazini Lewisham na kuvuka mji mzima, nikifika naweka mkoba chini na kumuuliza, "Baba, maji?"

"Nataka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa akiniadhibu miaka yote ile. Alikuwa amepata mtu mmoja wa kumwambia neno mara moja, bila kulizungusha.

Kiangazi kimoja Ingunn alileta video. Desoto ilikuwa inapita mbele ya nyumba za mbao, kiwiko cha Ingunn nje ya dirisha, watoto kando ya barabara wanapunga. Baba aliitazama mara nyingi. Ingunn alikuwa ameandika kwamba tunakaribishwa wakati wowote. Nikamuuliza baba kwa mzaha kama anataka kwenda kuiona.

"Nataka," alisema.

Mara moja, kama kawaida yake kwangu. Na mimi nikafikiria zamu zangu, likizo iliyokwisha, kiti cha magurudumu, uwanja wa ndege.

"Insha Allah, baba. Mwakani," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Alilielewa jibu lile vizuri kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Mwaka huo hakuufikia.

Enzi zetu neno lilikuwa na vyumba ndani yake, ukilisikia unaingia taratibu. Watoto wetu wa siku hizi wanajibu kwa picha ya kidole gumba, na kusema kweli mara nyingine nawaonea kijicho. Juzi nilimsimulia mwanangu habari yote hii, naye akaisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama ada yao. Hakuuliza habari za gari. Aliuliza kwa nini sikukata tiketi siku ileile babu aliposema anataka.

Nilitaka kumwambia kwamba hakusema mara ya pili. Lakini kwangu mimi baba hakuwa na mara ya pili.